UZI: Joseph Bazalgette, mhandisi aliyeiondolea London kipindupindu kwa mteremko wa maji

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi tulikuwa saiti tunafukua bomba la choo lililokuwa likirudisha maji. Nyumba mpya, mabomba mapya, chemba zimepigwa plasta vizuri, lakini kila siku maji machafu yanapandia bafuni. Nikaweka pima maji juu ya bomba. Kiputo kikakimbilia upande wa chemba, maana yake upande uliotakiwa kuwa chini ndio ulikuwa juu. Tofauti yenyewe haikufika upana wa kidole. Familia yenye watoto watatu imeishi na ile harufu miezi minne kwa sababu ya upana wa kidole.

Usiku nikamkumbuka mtu ambaye huwa namtaja sana kwa vijana ninaowafundisha kazi, nikaona leo nimwandikie uzi. Anaitwa Joseph Bazalgette. Ukiuliza wahandisi wakubwa wa enzi za Malkia Victoria, utatajiwa Brunel na meli zake, au Stephenson na treni zake. Kazi kubwa ya Bazalgette iko chini ya ardhi, haionekani. Kwangu mimi ndiye mkubwa wao wote. Natumia simu, nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Kwanza muielewe London ya wakati ule. Mto Thames unapita katikati ya mji, na si mto wa kushuka tu. Bahari ikijaa, maji yanasukumwa kupanda mtoni mpaka ndani ya mji, na wakati wa bamvua (siku bahari inapojaa kupita kawaida) tofauti ya maji kujaa na kupwa pale London Bridge inazidi mita 6. Watu wa pwani mtaelewa haraka. Shikeni hilo, litarudi mbele.

Zamani choo cha London kiliishia kwenye karo chini ya nyumba. Kulikuwa na watu wa kutapisha, wanakuja usiku, wanachota, wanapakia kwenye mikokoteni na kwenda kuwauzia wakulima wa nje ya mji. Mifereji ya mjini ilikuwa ya maji ya mvua, na mpaka 1815 ilikuwa kosa kuingiza choo humo. Utaratibu ule ulikuwa mchafu lakini ulikuwa unazunguka: kinachotoka mjini kinarudi shambani.

Ukavunjika. Mji ulipanuka mpaka mashamba yakawa mbali na gharama ya kubeba ikapanda. Miaka ya 1840 ikaanza kuingia kwa meli mbolea ya kinyesi cha ndege kutoka Amerika ya Kusini, wakulima wakaipenda hiyo. Halafu kikaja choo cha kuvuta maji. Kwenye maonyesho makubwa ya 1851 pale Hyde Park, fundi mmoja aitwaye George Jennings aliweka vyoo vya namna hiyo, na watu zaidi ya 827,000 wakalipa peni moja kuvitumia. Waliporudi makwao wakavitaka. Sasa, choo cha kuvuta kinapeleka maji mengi kila mtu anapoingia, na karo la zamani halikujengwa kwa maji. Yakafurika. Serikali nayo ikawa inaamuru karo zifungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji ya mvua. Mifereji yote ilielekea Thames.

Hapo ndipo mji wenye watu zaidi ya milioni mbili ulipougeuza mto wake kuwa choo, na baadhi ya kampuni za maji zilikuwa zinachota humohumo maji ya kunywa.

Kipindupindu kilipiga London 1832, kikaua zaidi ya watu 6,000. Kikarudi 1848 na 1849, kikaua zaidi ya 14,000. Kikarudi tena 1853 na 1854, zaidi ya 10,000.

Naendelea chini.

#2 (Mleta uzi)

Bazalgette alizaliwa 28 Machi 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London. Babu yake alikuwa mhamiaji kutoka Ufaransa, fundi cherehani aliyewashonea wakubwa mpaka akawa tajiri. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Kijana alijifunza uhandisi chini ya Sir John Macneill, kwenye kazi za kukausha ardhi yenye maji huko Ireland ya kaskazini. Hapo ndipo alipozoea tope. Mwaka 1842 akafungua ofisi yake Westminster.

Miaka ile Uingereza ilishikwa na homa ya reli. Kila mwenye pesa alitaka kuwekeza kwenye njia ya treni, na wahandisi walifanya kazi usiku na mchana kuchora na kupima. Bazalgette alijitwisha kazi nyingi mpaka 1847 akili na mwili vikakataa. Aliacha kila kitu, akaenda kupumzika shambani. Alikuwa na miaka 28, ana mke.

Nalitaja hili kwa makusudi. Nimeona mafundi wazuri wakianguka hivyo hivyo, na watu wakasema basi, huyo ameisha. Huyu aliporudi London mwaka 1849 alianza upya na kazi ya chini kidogo: msaidizi wa mpimaji kwenye tume ya mifereji ya mji. Mkuu wake, Frank Forster, alifariki 1852 huku kazi ikimwelemea, Bazalgette akachukua nafasi. Mwaka 1856, ilipoanza kazi bodi mpya ya ujenzi ya jiji, akateuliwa mhandisi mkuu. Brunel mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliompigia debe.

Mpango alikuwa nao mapema. Kilichokosekana ni ruhusa na pesa. Sheria ilimpa waziri anayehusika na ujenzi, Sir Benjamin Hall, mamlaka ya kukataa michoro, na ubishi ulikuwa mmoja: majitaka yatolewe wapi? Wizara ikasema sehemu aliyochagua ni karibu mno na mji. Akasogeza. Ikasema bado. Miaka miwili ikapita hivyo, na mto unaendelea kuoza.

#3

Mleta uzi, swali. Walikuwa hawajui kwamba kipindupindu kinatoka kwenye maji? Maana unasema walikuwa wanakunywa mto ule ule.

#4 (Mleta uzi)

Mkuu, umegusa kiini cha uzi wote.

Hapana, wengi hawakujua. Madaktari wakubwa, wabunge, magazeti, wote waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Harufu yenyewe ndiyo waliyoiona kuwa sumu. Edwin Chadwick, mtu aliyepigania sana afya ya mji, aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na ndiye aliyesukuma karo zisafishwe kwa kuzimwagia mtoni. Alidhani anaondoa harufu majumbani. Kumbe alikuwa anapeleka kinyesi kwenye maji ya kunywa.

Aliyeona ukweli ni daktari John Snow. Mwaka 1854 alifuatilia vifo vya mtaa wa Broad Street, Soho, nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwamba waliokufa walikunywa kwenye pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Lakini wakubwa hawakumwamini. Snow alifariki 16 Juni 1858, ana miaka 45, kabla mji haujakubali kwamba alikuwa sahihi.

Na Bazalgette? Yeye naye alijenga ndani ya imani ya hewa mbaya. Nia ilikuwa kuondoa uvundo. Ila mfereji ukipeleka kinyesi mbali na maji ya kunywa hauulizi fundi anaamini nini. Alikosea sababu, akapatia kazi.

#5

Mimi ni muuguzi, nimewahi kukaa kambi ya kipindupindu wiki sita. Nitasema kidogo kwa sababu takwimu mtu anazisoma haraka mno.

Mgonjwa anaingia asubuhi akitembea. Mchana macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Kitanda kina tundu katikati na ndoo chini yake, na ile ndoo unaipima, kwa sababu kilichotoka lazima kirudishwe kwa dripu na kwa maji ya chumvichumvi. Haja yenyewe ni kama maji yaliyooshewa mchele. Ukichelewa, mtu mzima mwenye nguvu anakufa ndani ya siku moja.

London ya 1849 hawakuwa na dripu. Wagonjwa walitolewa damu, wengine wakanyimwa maji. Watu 14,000 walikufa namna hiyo. Huku kwetu pia yalitupata: Zanzibar ilipigwa vibaya 1869 na 1870, na daktari James Christie aliyekuwa pale Unguja aliandika kitabu kizima juu ya njia ambazo ugonjwa ulipita Afrika Mashariki. Kwa hiyo endelea, mleta uzi. Mtu aliyezuia hilo namtaka nimjue vizuri.

#6 (Mleta uzi)

Asante dada. Nimesoma mara mbili.

Tuje kwenye kiangazi cha 1858. Joto lilikuwa kali kupita kawaida, mto ukapungua, na kilichokuwa ndani kikaanza kuchemka. Waingereza mpaka leo wanauita mwaka ule Uvundo Mkuu. Miaka mitatu nyuma yake, 1855, mwanasayansi Michael Faraday alikuwa amepanda boti ya moshi akaona hali, akachana kadi nyeupe vipande vipande, akavilowesha ili vizame kirahisi, akawa anavidondosha majini kila boti inapofika gatini. Kipande kilichozama wima kilipotea upande wa chini kabla upande wa juu haujafika majini. Mchana, jua linawaka. Aliandika barua gazetini kuonya. Haikusaidia kitu.

Kilichosaidia ni kwamba jengo jipya la Bunge liko ukingoni kabisa mwa mto. Mapazia ya madirisha yalilowekwa dawa ya klorini ili kuzuia harufu, haikuzuia. Kamati zikavunjika katikati ya vikao, watu wameziba pua kwa leso. Serikali iliyokuwa imekaa miaka ikibishana na Bazalgette ikapeleka muswada bungeni katikati ya Julai, na tarehe 2 Agosti ukawa sheria. Siku 18. Pauni milioni 3 zikaidhinishwa, zilipwe na wenye nyumba wa London kwa tozo ya peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba, kwa miaka 40. Na ile haki ya wizara kukataa michoro ikafutwa.

Inaniuma kwamba watu wa mitaa ya chini walikufa kwa maelfu na pesa hazikuonekana, mpaka harufu ilipoingia kwa wakubwa. Lakini mlango ulipofunguka, mhandisi alikuwa tayari na michoro mkononi. Hakuanza kutafuta kalamu siku ile.

#7 (Mleta uzi)

Sasa kazi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, hii ndiyo ninayoipenda.

Mifereji yote ya zamani ilishuka kutoka vilimani kwenda mtoni, kaskazini kwenda kusini, na upande wa pili kusini kwenda kaskazini. Bazalgette hakuing'oa. Alichimba mifereji mikubwa inayoikata njiani, inayokwenda sambamba na mto kuelekea mashariki. Majitaka yanashuka kama zamani, lakini kabla ya kufika Thames yanadakwa na kupelekwa mbali chini ya mji. Upande wa kaskazini alilaza mifereji mitatu, kila mmoja kwenye kimo chake: wa juu unaanzia Hampstead, wa kati unapita chini ya Oxford Street, wa chini unafuata ukingo wa mto. Kusini hivyo hivyo, mpaka Deptford na kuendelea hadi Crossness, mashariki mwa mji, mfumo wa kusini unapoishia. Jumla kilomita 132 za mifereji mikuu, na kilomita zipatazo 1,800 za mifereji ya mitaani iliyojengwa au kufanyiwa kazi upya.

Mafundi mlioko humu, sikilizeni kipimo hiki. Bomba la inchi 4 la nyumbani tunalipa mteremko kama sentimita 2 kwa kila mita. Mifereji mikuu ya Bazalgette ilipewa futi 2 kwa kila maili. Nimepiga hesabu: ni kama sentimita 38 kwa kilomita nzima. Chini ya nusu milimita kwa mita! Pima maji yetu haiwezi hata kuonyesha hicho kitu. Na hakuwa na jinsi. London ya karibu na mto ni tambarare, ukitoa mteremko mkubwa utajikuta chini mno kabla hujafika baharini. Maji mengi kwenye mfereji mkubwa yanatembea hata kwa mteremko huo, bora usikosee popote. Wakapima kwa darubini ya usawa na fimbo, hatua kwa hatua, wakatindua kwa sururu na koleo, chini ya mji unaoishi, wenye reli, mabomba ya gesi na misingi ya nyumba za watu.

Palipokuwa hapana mteremko tena, akaweka pampu za mvuke. Pale Abbey Mills majitaka ya mfereji wa chini yananyanyuliwa kama mita 11 ili yaungane na ya juu yatiririke kwenda Beckton, mfumo wa kaskazini unapoishia. Crossness iliwekwa injini nne kubwa, zikapewa majina ya familia ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra. Mhimili wa juu wa injini moja una tani 47, gurudumu lake tani 52. Mwana wa Malkia aliziwasha 4 Aprili 1865. Jengo la pampu za kinyesi lilipambwa ndani kwa nguzo na kazi za chuma cha kusubu zenye majani na maua, zikapakwa rangi kama za kanisa. Nimeziangalia picha zake mara nyingi. Waliojenga vile waliiheshimu kazi yao.

Mifereji mingi ya mitaani ilipewa umbo la yai, ncha nyembamba chini. Maji yakiwa machache yanabanwa pale chini, yanakimbia na kusukuma taka zisituame. Mvua ikija, kifua kipana cha juu kinabeba. Mfereji unajiosha wenyewe.

Halafu saruji. Matofali milioni 318 yalitumika, na tofali ni tofali, swali ni kinachoyashika. Saruji ya Portland ilikuwa bado haijaaminiwa kwa kazi kubwa kama hii, kwa sababu ikichomwa vibaya tanuruni inaharibika. Faida yake ni kwamba inaendelea kukomaa ndani ya maji. Bazalgette na msaidizi wake John Grant wakaamua kuitumia kwa sharti: kila shehena ijaribiwe. Wanatengeneza vipande, wanaviacha majini siku 7, kisha vinavutwa kwa mashine mpaka vikatike, na nguvu iliyovikata inaandikwa. Shehena isiyofikia kipimo inarudishwa. Mkandarasi alikuwa hana mahali pa kuchanganya udongo. Kumbukeni mwaka ni 1859, hakuna shirika la viwango wala maabara ya serikali ya kumlazimisha. Aliweka mtihani mwenyewe, na sehemu kubwa ya mifereji ile inabeba maji mpaka leo.

#8

Mkuu hapo kwenye saruji umenigusa. Mimi nimeacha kampuni moja ya ujenzi kwa sababu ya hilo hilo, mfuko mmoja unafyatua tofali ambazo ukizishika zinakatika kama mkate. Nikisikia mtu alirudisha shehena nzima miaka hiyo naona haya kwa niaba ya wengi.

Ila nina swali. Hayo majitaka kule Beckton na Crossness yalifanywa nini? Au yalimwagwa tu mtoni mbele zaidi?

#9 (Mleta uzi)

Yalimwagwa. Sitakuficha.

Hesabu ilikuwa hivi, na ndiyo maana nilisema mshike habari ya maji kujaa na kupwa. Majitaka yalihifadhiwa kwenye mabwawa yaliyoezekwa, na yalifunguliwa maji yakishaanza kupwa tu, ili yasukumwe kuelekea baharini yasirudi mjini. London ya kati ikapona. Waliokaa upande mto unakoshukia wakapokea.

Jioni ya 3 Septemba 1878, meli ya abiria Princess Alice, imejaa familia zinazorudi kutoka matembezini, iligongana na meli ya mizigo Bywell Castle karibu na Woolwich. Ikakatika na kuzama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 600. Na majitaka yalikuwa yamefunguliwa saa moja hivi kabla. Waliojua kuogelea na wasiojua waliangukia humo. Ule ndio ukurasa mzito kabisa katika kazi yake.

Baada ya hapo, na uchunguzi uliofuata, wakaanza kuyatibu kwa dawa zinazotuamisha taka. Tope lililobaki likapakiwa melini na kutupwa bahari kuu kuanzia 1887. Meli ya kwanza ya kazi hiyo iliitwa Bazalgette. Utupaji huo wa baharini uliendelea mpaka 1998.

Kwa hiyo ukiniuliza kama alimaliza tatizo, nitakujibu hapana. Alilitoa kwenye kikombe cha maji ya kunywa cha mji. Kulitibu kulihitaji elimu iliyokuja baadaye, na shinikizo lililokuja baada ya vifo. Nampenda huyu mtu lakini wale 600 wana haki ya kutajwa kila anapotajwa.

#10

Kipindupindu je, kiliisha kweli?

#11 (Mleta uzi)

Kilirudi mara moja ya mwisho, 1866, na namna kilivyorudi ndiyo ushahidi. Kiliua watu zaidi ya 5,500, karibu wote London ya mashariki. Na London ya mashariki ndiyo ilikuwa bado haijaunganishwa, kwa sababu pampu za Abbey Mills hazikuwa tayari, zilikamilika 1868. William Farr, mtu wa takwimu za vifo, ambaye mwanzoni alikuwa mfuasi wa hewa mbaya, alikaa na daftari zake akaona vifo vinafuata mabomba ya kampuni moja ya maji, iliyoruhusu maji yasiyochujwa kuingia kwenye bwawa lake la Old Ford. Akakubali. Snow alishakuwa kaburini miaka minane.

Tangu hapo London haikupata tena mlipuko. Mwaka 1892 kipindupindu kilipoingia Hamburg, Ujerumani, kiliua zaidi ya watu 8,000 kwa wiki chache. Meli zilikuwa zinakwenda na kurudi London. Hakikushika.

#12 (Mleta uzi)

Nimalizie na alivyojenga juu ya ardhi, kifupi, maana watalii wanapapiga picha bila kujua ni kazi yake.

Mfereji wa chini ulitakiwa kupita ukingoni mwa mto, na kando ya mto kulikuwa na barabara ya Strand yenye msongamano na maduka ambayo hakuna aliyekubali yabomolewe. Akaamua kuuingilia mto. Akajenga ukuta wa mawe ya granaiti ndani ya maji, akajaza nyuma yake. Chini akaweka mfereji, pembeni handaki la mabomba ya gesi na maji, hapo hapo reli ya chini ya ardhi, na juu barabara pana yenye miti na bustani. Hiyo ndiyo Victoria Embankment, iliyofunguliwa 13 Julai 1870. Pamoja na zile za Albert na Chelsea, alirudisha ekari 52 za nchi kavu kutoka kwenye tope. Mto nao ulipobanwa ukapata kasi na kujisafisha.

Alijenga pia madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea, akafungua barabara kama Shaftesbury Avenue na Charing Cross Road, akaanzisha kivuko cha bure cha Woolwich mwaka 1889. Alipewa cheo cha Sir, akawa rais wa taasisi ya wahandisi wa ujenzi. Alikuwa na watoto 11. Alifariki 15 Machi 1891, nyumbani kwake Wimbledon. Mnara wake ulizinduliwa 1901, uko kwenye ukuta wa Embankment, una kichwa chake na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba aliufunga mto minyororo. Ni mdogo, unaweza kupita usiuone.

#13

Mimi naishi London mwaka wa tisa na nimepita pale mara nyingi nikienda kazini. Kesho nitasimama. Je, ni kweli mfumo umezidiwa? Huku habari za mto kuchafuka zinasikika kila mara.

#14 (Mleta uzi)

Ndiyo, ndugu. Mfumo wake unachanganya mvua na majitaka kwenye mfereji mmoja. Mvua ikizidi, aliacha matundu ya kufurikia mtoni ili maji yasirudi majumbani. Zamani matundu yale yalifanya kazi mara chache. Sasa mji una watu karibu milioni 9, sakafu na lami kila mahali, mvua haina pa kuzama, ikawa yanafunguka mara kwa mara. Ndiyo maana walianza 2016 kuchimba handaki jipya chini ya Thames, kilomita 25, upana wa zaidi ya mita 7, na Februari 2025 liliunganishwa lote. Halikuja kuondoa mifereji yake. Limekuja kupokea inachoshindwa kubeba.

Na ukipata nafasi fika Crossness. Injini ya Prince Consort imefufuliwa na watu waliojitolea, ikawa inawashwa kwa mvuke siku za maonyesho. Ukirekodi video ya lile gurudumu la tani 52 likizunguka, tafadhali iweke hapa. Nitashukuru sana.

#15

Mleta uzi, mimi ni kijana naanza hii fani. Nyumbani sina hiyo darubini ya usawa. Nitajuaje bomba langu limekaa sawa kabla sijafukia?

#16 (Mleta uzi)

Mdogo wangu, tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha, ujaze maji, ondoa viputo vyote. Maji ya ncha hii na ncha ile yatakuwa kimo kimoja daima, weka alama kwenye vigingi viwili, funga kamba, kisha shusha kamba upande wa chemba sentimita 2 kwa kila mita. Laza bomba kwa kufuata kamba hiyo, kutoka chini kwenda juu, na kila kipande kikae kwenye mchanga, kisining'inie.

Ukimaliza mwaga ndoo moja ya maji kwa juu, mwenzako akae kwenye chemba. Yakifika yote kwa haraka, zibia chini, jaza bomba, liache usiku. Asubuhi angalia kama kimo kimeshuka. Kikiwa pale pale, fukia. Maji yakituama katikati, lilaze upya hata kama mwenye nyumba anakuharakisha, na hata kama siku ile hutalipwa.